Kufungwa au Kufungamana? Kuhusu Lugha ya Hans Bethe katika Elimu ya Usumaku

Makala ya Hans Bethe iliyotokea mwaka wa 1931 katika jarida la Zeitschrift für Physik hutajwa mara nyingi na wanafizikia, lakini ni nadra kusomwa kama maandishi. Kichwa chake, kinachotangaza nadharia ya metali, kinaahidi jambo kubwa. Ndani mna mstari mmoja tu wa atomu, zilizopangwa kama shanga katika uzi. Tena kichwa hicho kina namba ya kwanza, na mwishoni mwandishi anaahidi kuipanua njia yake hadi kwenye fuwele yenye urefu, upana na kimo. Sehemu ya pili haikutokea kamwe. Hata hivyo, ule mstari mmoja unaishughulisha elimu ya usumaku hadi leo.

Mwaka wa 1930 Felix Bloch alikuwa ameonyesha kwamba, katika sumaku ambamo spini zote za atomu zimeelekea upande mmoja, spini moja ikipinduliwa, upinduzi huo hautulii mahali pake, bali husafiri kama wimbi. Mawimbi ya namna hiyo ndiyo yaitwayo sasa magnoni. Bethe aliuliza swali lililofuata: zikipinduliwa mbili, itakuwaje? Pamoja na mawimbi mawili yanayokutana na kuachana, alikuta jozi isiyoachana. Sababu yaweza kuelezwa pasipo hesabu. Spini iliyopinduliwa ina mipaka miwili na jirani zake, mmoja kulia na mmoja kushoto, na kila mpaka una gharama yake ya nishati. Zikiwa mbili zilizo mbali mbali, mipaka ni minne. Zikikaa bega kwa bega, yabaki miwili.

Hapo ndipo lugha inapoleta mushkili. Katika muhtasari wake Bethe anaandika kana kwamba spini hizo zinatafuta kukaa karibu karibu, kama viumbe wenye nia. Waliomfuata waliacha kitenzi hicho, wakashika cha kutendwa, hata mfasiri wa Kiswahili asiye na hadhari huandika "hali zilizofungwa". Lakini kauli ya kutendwa hudai mtenda. Nani amefunga, na amefunga kwa kitu gani? Hakuna wa tatu aliyeziunganisha magnoni hizo. Jozi inasimama kwa sababu kutengana kuna gharama. Kitenzi "kufungamana" kinafaa zaidi: kiambishi -am- chaonyesha hali ya kukaa katika mgusano, na -an- chaonyesha kwamba jambo linatoka pande zote mbili. Ni kweli neno hilo limezoea siasa, tangu zama za nchi zisizofungamana na upande wowote, na laweza kunukia mkataba. Kasoro hiyo ni ndogo kuliko ile ya kubuni mfungaji asiyekuwepo. Kuhusu ngeli, yafaa kuandika "magnoni mbili", si "magnoni wawili". Nia aliyoiweka Bethe katika kitenzi chake haimo katika milinganyo yake.

Neno baya zaidi ni "kamba". Mafungamano haya huitwa mara nyingi kamba za Bethe, na mwanafunzi huona mara moja ugwe uliofunga atomu. Kamba hiyo haimo katika fuwele hata kidogo: ni mpangilio wa namba changamano, majibu ya milinganyo, zinazojipanga wima katika mchoro. Jina limetolewa karatasini likabandikwa kwenye maada.

Na ile ahadi ya 1931? Mwaka wa 1963 Michael Wortis alionyesha kwamba katika mstari na katika bapa magnoni mbili hufungamana kwa kila namna ya mwendo wa pamoja, bali katika fuwele ya pande tatu hufungamana pale tu mwendo huo unapovuka kiwango fulani. Katika pande tatu njia za kuachana ni nyingi. Basi mstari haukuwa kielelezo kidogo cha metali, kama kichwa cha makala kinavyodokeza. Ulikuwa ulimwengu wenye sheria zake.

Ulimwengu huo ulipatikana maabarani, na msomaji wa Katanga atatambua kiungo chake. Mwaka wa 1969 Torrance na Tinkham waliyaona mafungamano ya magnoni katika fuwele za kloridi ya kobalti yenye maji. Mwaka wa 2018 zile zinazoitwa kamba, za magnoni mbili na za tatu, zilitambuliwa katika fuwele ya stronti, kobalti na vanadi iliyowekwa katika uga mkali wa sumaku. Kati ya majaribio hayo, mwaka wa 2013, watafiti wa Garching, Ujerumani, walipanga atomu za rubidi kwa miali ya leza, wakapindua mbili zilizo jirani, wakazitazama moja moja. Jozi ilisafiri ikiwa pamoja, polepole kuliko magnoni iliyo peke yake.