"Ikilinganishwa na": Uhakiki wa Kirai Kimoja katika Ufundishaji wa Velositi, Nakivale na Mbarara

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yalianzishwa mwaka 1958. Humo, kama ilivyo katika jiji jirani la Mbarara, fizikia ya sekondari hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Hata hivyo, kwa wanafunzi wengi waliotoka Kongo ya mashariki, Kiswahili ndicho lugha ya kuelezana swali lililowashinda. Makala haya yanahakiki kirai kinachotegemewa katika maelezo hayo: "ikilinganishwa na".

Tuchukue lori linaloelekea mashariki kwa kilomita 40 kwa saa na pikipiki inayoelekea kaskazini kwa kilomita 30 kwa saa. Velositi ya pikipiki "ikilinganishwa na" lori ni ipi? Katika Kiswahili cha kawaida, kulinganisha ni kuviweka vitu viwili sambamba na kutaja kilichozidi. Anayejibu 10 ameielewa lugha barabara, lakini amekosa fizikia. Jibu ni kilomita 50 kwa saa, kuelekea magharibi kwa mwinamo wa takriban nyuzi 37 upande wa kaskazini, kwa kuwa vekta ya lori hutolewa katika vekta ya pikipiki. Huo ndio mwendo auonao aliyeketi ndani ya lori. Kirai kimemwacha nje mtazamaji huyo, ambaye ndiye kiini cha dhana.

Udhaifu huu haudhihiriki katika mifano ya utangulizi. Basi la kilomita 80 likilipita gari la kilomita 60 katika mwelekeo uleule, tofauti ya 20 ni sahihi. Yakikutana uso kwa uso, jibu ni 140, na ulinganishaji umeshindwa.

Msamiati nao huongeza utata. Kifaransa cha shule za Kongo na Burundi hutumia vitesse kwa kasi na kwa velositi pia. "Kasi" ya Kiswahili nayo haitaji mwelekeo. Huenda ikadaiwa kwamba mchoro wa vekta unatosha. Lakini mshale upi ugeuzwe? Hilo huamuliwa na maneno ya swali.

Inafaa kusema "velositi ya pikipiki kwa mtazamaji aliye ndani ya lori". Ni kirefu zaidi, lakini hakipotoshi.

Uamuzi wa Baraza la Mawaziri la Uganda wa Julai 2022 ulipendekeza Kiswahili kifanywe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Haukugusa lugha ya kuelezea sayansi. Washauri wa sera wanaotaka faharasa ya Kiingereza, Kifaransa na Kiswahili wasiridhike na orodha ya nomino. Kila istilahi ijaribiwe ndani ya swali zima, kwa maana hapa kosa halikutoka kwenye nomino, bali kwenye kirai kinachoziunganisha.