Nukta Iliyobakizwa

Siku ya mechi ya nyumbani, zaidi ya watu 100,000 huingia katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Ohio State, mjini Columbus, kutazama vijana wa chuo wakicheza futiboli ya Kimarekani. Kabla ya mpira kuanza, au wakati wa mapumziko, bendi ya chuo huandika neno moja kwenye nyasi kwa miili ya wapigaji wake: Ohio. Naomba tulisome neno hilo kama tusomavyo shairi, tukianza na fani. Naamini siri ya mashabiki hawa wasiopoa imo humo.

Muundo kwanza. Tangu mwaka 1934 bendi hii ni ya ala za shaba na ngoma peke yake. Utungo unaanza kwa herufi O tatu zinazozunguka, moja ndani ya nyingine. Kisha kiongozi wa gwaride anachomoka, na mstari wa mtu mmoja mmoja unamfuata kama uzi unaofumuka, huku wakipiga “Le Régiment de Sambre et Meuse”, wimbo wa gwaride wa Mfaransa Robert Planquette. Herufi haziletwi zikiwa zimeshapangwa. Zinaandikwa mbele ya macho ya hadhira, kwa mwandiko wa kuungana, na pale mstari unapojikata, wapigaji hupenya katikati ya wenzao pasipo kugongana wala kukosa hatua. Kila aliye jukwaani anajua litatokea neno gani. Ndivyo alivyo msikilizaji wa ngano aliyekwisha kuisikia mara kumi: taharuki yake haimo katika kutoujua mwisho, imo katika kuungoja.

Na mwisho umecheleweshwa kwa makusudi. Neno zima limelala uwanjani, kasoro nukta ya i. Waliosoma madrasa kwa hati ya Kiarabu wanajua kuwa nukta si pambo: ndiyo itenganishayo be na te. Hapa nayo imebebeshwa uzito wa utungo mzima. Kiongozi wa gwaride anatoka pamoja na mpigaji mmoja wa susafoni, lile tarumbeta nene la besi linalomzunguka mpigaji mwilini, na kwenda naye kwa madaha hadi juu ya i. Huko kijana anarusha mguu, anageuka, anavua kofia na kuinama sana, upande huu na upande ule. Uwanja unalipuka kwa shangwe.

Uteuzi huo una historia. Neno lilipoandikwa mara ya kwanza, tarehe 10 Oktoba 1936, katika mechi dhidi ya Pittsburgh, nukta ilitiwa na mpiga tarumbeta. Mwaka uliofuata mkuu wa bendi, Eugene Weigel, aliitoa nafasi hiyo kwa Glen Johnson, mpiga susafoni. Mwaka 1938 kiongozi wa gwaride alifika kwenye i kabla muziki haujafika, na Johnson akaijaza nafasi iliyobaki kwa mbwembwe za papo hapo: akarusha mguu, akainama. Kosa la siku moja likageuka kanuni. Siku hizi heshima hiyo ni ya mpiga susafoni wa mwaka wa nne au wa tano. Sauti yake hukaa chini ya sauti za wenzake kama msingi wa nyumba, na ni nadra mtu kuitafuta. Lakini katika umbo hili yeye ndiye anayesimama peke yake, tena akiwa ukingoni mwa kuaga.

Hapo fani inatufikisha kwenye maudhui. Tangu mwaka 2021 wachezaji wa vyuo wameruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, na kuhama chuo pasipo kulazimika kukaa nje msimu mzima. Wapo wanaohofu kwamba mapenzi ya mashabiki yatakufa, kwa sababu timu imekuwa ya wapita njia. Naielewa hofu hiyo, lakini inamtazama mchezaji na kulisahau umbo. Umbo hili lilijengwa juu ya kuondoka tangu mwanzo. Neno linakaa kitambo kidogo, wapigaji wanatembea, nalo linafutika. Kwa kuwa linafutika, sharti liandikwe tena, na mwenye nukta atakuwa mwingine. Shabiki anampenda aliyesimama pale leo, ila kinachomrudisha mwaka baada ya mwaka ni ile nafasi yenyewe, aliyoonyeshwa na mzazi wake, naye atamwonyesha mwanawe.

Tena nafasi hiyo haibaki uwanjani. Mashabiki wa Ohio State wanapokutana mbali na Columbus, mmoja huita herufi mbili, O na H, na mwingine, hata kama hawajuani, hujibu I na O. Ni utungo wa kupokezana wa mishororo miwili, na wa kwanza hauna maana pasipo wa pili. Tunaona tena ustadi uleule wa kubakiza. Anayeita huliacha neno njiani, nusu yake tu, kwa imani kwamba karibu yake yupo mtu aliyeibeba nusu ya pili.