Pongezi kwa Mpigapicha wa Mtaani

Unguja ina deni kwa wapigapicha wake. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, Mji Mkongwe. Mwanawe, Rohit, akaiendeleza kazi, na sura za watu na mitaa zikahifadhika. Heshima hiyo inamstahili pia yule apigaye picha kwa mapenzi tu. Akitoka kazini huchukua kamera yake akateremka Forodhani, wakati jua la magharibi linapolainisha vivuli na vijana wanapojirusha baharini. Huwaamkia wazee barazani, huomba ruhusa, husubiri. Malipo yake ni bibi kuiona picha yake akacheka. Hongera sana! Anatutunzia siku za kawaida, na hizo ndizo wajukuu watakazoziulizia.