Uso Uliopita Mikono Mingi

Muulize mtu wa Nairobi Mmaasai wa mti anafananaje, naye atakueleza bila kusita: shingo ndefu, paji lililolala nyuma, ndewe zinazoning'inia hadi karibu na mabega. Uso huo haukuzaliwa Umaasaini. Uliundwa na Wakamba, wengi wao wa Wamunyu, kwenye barabara ya Machakos kwenda Kitui, kwa ajili ya mgeni aliyetaka kitu cha kubeba kurudi kwao. Mkamba akimtazama Mmaasai kwa jicho la Mzungu!

Zamani mafundi wa Ukambani walichonga vigoda, vijiko, bakora na vyombo vya ugoro. Sura ya mtu haikuwa bidhaa. Husimuliwa kwamba Mutisya wa Munge, aliyefika Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, aliwaona wachongaji wa huko wakifanya kazi, akarudi Wamunyu na ufundi wao. Kufikia 1958 vinyago vya Wakamba vilikuwa biashara pana kiasi kwamba mwanauchumi Walter Elkan aliiandikia makala ya kitaaluma. Kijiji kizima kilikuwa kimejifunza kuona nyuso upya.

Wasomi wengi wa sanaa huipuuza kazi hii kwa maneno mawili, vya watalii, kana kwamba fundi akijua nani atanunua basi mkono wake umekufa. Sikubaliani nao. Wachoraji wakubwa wa Ulaya nao walichora sura za matajiri waliowalipa, na hakuna anayewavua heshima.

Tazama kazi yenyewe. Mmoja hukata gogo kwa shoka na kulipa umbo. Mwingine huchukua tezo, akitafuta pua kwanza, maana pua ikikosewa hakuna pa kurudi: mti uliokwisha kutolewa haurudishwi. Kisu huja baadaye, kwa kope na midomo. Halafu kichwa huenda kwa wanaopiga msasa, na hapo ndipo hatari isiyosemwa sana. Msasa ukizidi, mkunjo aliouacha mchongaji kando ya mdomo hufutika, na mzee aliyekuwa na shaka usoni anakuwa mzee anayetabasamu. Mwisho ni rangi ya viatu, inayoufanya mti mweupe ujidai mpingo.

Kwa hiyo uso mmoja umeamuliwa na watu kadhaa kabla haujafika dukani, na kila mmoja aliuona kwa namna yake. Kijana anayejifunza humpelekea mzee kichwa alichokaa nacho tangu asubuhi. Mzee hukigeuza juu chini, hukitazama kutoka kidevuni, huonyesha kwa kidole shavu lililozidi lenzake. Kijana hakuwa ameliona. Jicho lililokaa na kitu muda mrefu hukizoea pamoja na upungufu wake.

Nguvu ya mazoea ya jicho ilipimwa Marekani mwaka 1977. Watafiti Mita, Dermer na Knight waliwaonyesha wanawake picha zao za aina mbili, moja ya kawaida na nyingine iliyogeuzwa kushoto kulia kama kioo kinavyofanya. Wenyewe walielekea kuipenda ile ya kioo. Rafiki zao waliipenda ya kawaida. Kila upande ulichagua sura uliyoizoea. Ajabu ni kwamba sura yako ambayo mtaa mzima unaijua, wewe mwenyewe ndiye unayeikuta kwa nadra.

Mchongaji mzuri huishi katikati ya mazoea hayo mawili, na ndiyo maana namsifu. Mti nao ulimlazimu kuyavunja mazoea yake: mpingo na muhugu ilipoadimika, mafundi waligeukia mwarobaini, mjakaranda na mwembe, miti yenye rangi na ugumu tofauti, na nyuso zikabidi zipimwe upya. Hata sisi tulio nje tumeguswa na jicho hilo la fundi. Ukiwatazama mafundi hawa kwa muda, kisha upande matatu kurudi Machakos mjini, utamtazama kondakta na kuona kwanza mfupa wa shavu na kivuli chini ya paji. Jina na kabila vitasubiri.

Ila mkono huu umetumika mno kwa Mmaasai mmoja yule yule. Muindi Mbingu, aliyewaongoza Wakamba kwenda Nairobi mwaka 1938 kupinga kunyang'anywa ng'ombe wao, wengi wetu tunamfahamu kama jina la barabara tu. Kumchonga kungehitaji picha, kumbukumbu za koo, wazee wa kubishana kuhusu taya lake, na mafundi wa kuwasikiliza wote. Mafundi wapo Wamunyu. Mnunuzi ndiye hajatokea.