"Kuwasilisha" au "Kusajili"? Istilahi za Kutunza Matoleo ya Programu

Istilahi mbaya haimchukizi msomaji tu, bali humpotosha katika kazi yake. Mfano mmoja waonekana katika utaratibu wa kutunza matoleo ya programu, ambao huhifadhi kila badiliko pamoja na jina la aliyelifanya, tarehe, na maelezo yake.

Chombo kitumiwacho sana siku hizi ni Git, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Baada ya kuanzisha hifadhi kwa amri ya "init", mwanafunzi hana budi kuzijua amri tatu: "add" huteua mafaili yahusikayo; "commit" huyatia mabadiliko katika kumbukumbu; "push" huipeleka kumbukumbu hiyo kwenye kompyuta nyingine.

Mfasiri huvutwa upesi kuiita amri ya "commit" kuwa ni "wasilisha". Katika Subversion, chombo kilichoanza mwaka 2000, tafsiri hiyo ingefaa, kwani huko badiliko hupelekwa papo hapo kwenye hifadhi kuu. Katika Git sivyo: badiliko husalia katika kompyuta ya mwandishi mwenyewe. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba "amewasilisha" atalala akiamini kuwa kazi yake iko salama mahali pengine. Kompyuta ikiibwa usiku huo, kazi imepotea. Lawama hapo ni ya mfasiri.

Twapendekeza "sajili". Mtumishi wa serikali aijua masjala: barua huandikwa daftarini, hupewa namba na tarehe, kisha hutiwa jaladani, lakini kusajiliwa si kupelekwa. Kadhalika, kila badiliko lililosajiliwa katika Git hupewa alama yake ya utambulisho. "Wasilisha" libakie kwa amri ya "push", na "teua" kwa "add".

Yawezekana kupingwa kwamba kusajili ni kazi ya mwenye mamlaka, kama vile kusajili chama au gari. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Katika Git kila mwandishi anayo hifadhi kamili kwake; kwa hiyo yeye ndiye karani wa masjala yake mwenyewe.

Kamusi hutueleza maana ya neno. Haitwambii mashine inatenda nini. Anayeunda istilahi na aitazame kwanza kazi yenyewe ikitendeka, ndipo achague neno.