Weka Koma, Usije Ukakoma

Nimerudi nyumbani saa tatu usiku mbavu zinauma, na kilichoniumiza mbavu ni sarufi ya Kiingereza. Naapa. Sikunywa kitu zaidi ya chai ya tangawizi.

Chenyewe ni boksi la viatu. Ndani mna kadi kama sitini zilizokatwa kwa mkasi na kupigwa plastiki stesheneri, na karatasi moja ya masharti. Aliyelitengeneza ni mwalimu wa masomo ya jioni hapa Arusha, Madam tunavyomwita, anayefundishia chumba cha ghorofani maeneo ya Sanawari. Siku ikiwa njema Meru unauona dirishani, lakini huu ni mwezi wa saba, mlima umejifunika tangu asubuhi na darasa zima tulikaa na makoti. Leo ndiyo mara ya kwanza boksi hilo kufunguliwa mbele ya watu. Kazi yake moja tu: kufundisha virejeshi vya Kiingereza, yaani who, which, whose na ndugu zao, kwa visa vya watu wanaotafuta wachumba, wanaodanganyana na wanaofumaniana.

Mbona nimepagawa hivi? Kwa sababu mimi virejeshi nilifundishwa kwa fimbo. Shule ya msingi tulisoma kwa Kiswahili, tukaingia kidato cha kwanza kila kitu kikageuka Kiingereza, na somo hili likaja na yule mvulana wa chini ya mti. "The boy who is standing under the tree is my brother." Tuliinakili mara hamsini. Hakuna aliyejali ni mvulana yupi, maana chini ya mti ule alikuwa peke yake! Na kirejeshi cha namna hiyo kazi yake ni kumtoa mmoja kati ya wengi: si huyu, yule. Sasa niambie, kuna jambo gani linalomfanya mtu atake kujua "yupi hasa?" kuliko mapenzi?

Waliosoma magazeti yetu ya udaku wanaukumbuka ukurasa wa natafuta mchumba: awe mcha Mungu, asiyelewa, mwenye kazi, aliye tayari kupima. Ukurasa mzima ni kuchuja watu! Madam ameuchukua mchezo uleule akautia Kiingereza.

Kadi ya kwanza ilimwangukia chalii wa bodaboda. Inasema umeahidiana na binti mliyechati naye mwezi mzima mkutane Mnara wa Saa saa kumi na moja. Umechelewa, unamwelekeza rafiki yako akamtambue. Sasa Mnara wa Saa, ambao waongoza watalii huwaambia wageni kwamba ndio katikati ya Cairo na Cape Town, saa hiyo hapapungui watu. "The girl which is wearing a red jacket," chalii akaanza. Darasa likalipuka: "Which? Umependa friji?" Ndiyo sharti la kwanza la mchezo, ukimwita mtu which lazima useme umemnunua duka gani. Ajabu ni kwamba sisi tumezoea kubadili kirejeshi kwa kila ngeli, mtu ambaye, gari ambalo, kisu ambacho, miti ambayo, wala hatutoki jasho. Kiingereza kimepunguza mzigo wote huo hadi mafungu mawili, mtu na kitu, na bado tunateleza.

Akarekebisha. Wapinzani wake mchezoni wakamjibu, "Wenye jaketi jekundu wako watatu!" Akaongeza viatu, wakaongeza mabinti. Mwisho akatulia, akatabasamu: "The girl who is wearing a red jacket and whose phone is ringing." Kumbe ameamua kumpigia simu! Nilisimama nikapiga makofi. Whose ile sijawahi kuiona ikikaa mahali pake namna hiyo, na haikutoka kitabuni.

Halafu mpagazi mmoja wa Meru, kijana anayetaka kusomea uongozaji watalii, akasema: "The girl whom I love her." Madam ana kengele ya baiskeli mezani. Krii! "Her ni nani tena? Naona mabinti wawili hapo." Kadi yake ina mchoro wa wapenzi wawili mezani na mtu wa tatu kachungulia, na anayemleta mtu wa tatu hulipa shilingi 200 za chai. Hebu lipasue neno ninayempenda: -ye- inamrejea binti, kisha -m- inamrejea tena binti yuleyule, nasi twaona sawa tu. Kwa Kiingereza whom imeshamaliza kazi zote mbili. Miaka mingapi nimeandika "the book which I bought it", walimu wakanipigia mstari mwekundu bila kuniambia kosa linatoka wapi? Linatoka nyumbani! Nililipa 200 zangu bila hata kuvuta kadi.

Lakini ngojeni niwafikishe kwenye koma.

Dada wa mapokezi wa hoteli, mpole, sauti ya chini, alivuta kadi ya kumsifu mchumba mbele ya shangazi. Akaandika ubaoni: "My boyfriend who works in Mererani bought me this ring." Tukaona safi kabisa. Bwana yuko kwenye machimbo ya tanzanaiti, pete imepatikana, hongera. Madam akanyamaza kidogo, kisha akauliza taratibu: "Na yule wa Njiro, yeye amekununulia nini?"

Kumbe ikiandikwa hivyo inasomeka kana kwamba anao kadhaa, na huyu wa Mererani katajwa asije akachanganywa na wenzake. Tia koma kabla ya who na nyingine baada ya Mererani, wengine wote wanafutika, anabaki mmoja, na Mererani inakuwa habari ya ziada. Ni kama "Mount Meru, which is over 4,500 metres high": mlima ni uleule mmoja, urefu ni nyongeza. Kwetu "mchumba wangu anayefanya kazi Mererani" yaweza kubeba maana zote mbili, na shangazi ndiye atakayeuliza swali.

Dada wa watu alikuwa bado kashika chaki. Mama mmoja, muuza vitenge wa Soko Kuu, akamwambia kwa upole wa mzazi: "Weka koma, mwanangu, usije ukakoma." Basi. Darasa halikufundishika tena kwa dakika tano.

Boksi lina kasoro, sifichi. Kuna kadi ya chakula cha jioni chenye mvinyo na mishumaa, ambayo bila shaka imehama kutoka kitabu cha ng'ambo. Mpagazi alisema kwao mishumaa mezani maana yake umeme umekatika, tukaibadilisha ikawa ndizi nyama. Kadi ya mahari inafanya utani kwa kuchanganya who ya bibi harusi na which ya ng'ombe. Dada wa mapokezi hakucheka, na ana haki, itolewe. Whom nazo zimejaa kupita kiasi, wakati mitaani hata Waingereza wenyewe hawaisemi sana. Na visa vyote vimewaza vijana. Mama wa vitenge, aliye kwenye ndoa miaka mingi, alikataa kutafuta mchumba akajigeuza mshenga wa bintiye: "I want a man who greets people, whose mother is not a problem, and who has a house that has a roof." Virejeshi vinne, kimoja ndani ya kingine, hakuna kilichokosea! Kadi za washenga ziongezwe, tafadhali, hata kumi.

Madam anasema atatoa kopi akipata nafasi. Mimi nimeshaweka oda.

Tukishuka ngazi, mpagazi alinionyesha simu. Kesho alfajiri anapanda Meru kupitia Momella, alitaka kwanza kumtumia binti ujumbe wa Kiingereza. Ulisomeka hivi: "You are, the girl, who, I love,"

"Kaka," akaniuliza, "hizo koma zinatosha, au niongeze?"