Mlango wa gereza si mali ya mwanasiasa

Wandugu wasomi, tangu Constant Mutamba ahukumiwe Septemba 2025, tunamuongelea sana juu ya zile dola milioni 19 za gereza la Kisangani. Mimi leo nataka tuongelee mawazo yake, juu mawazo hayakuhukumiwa pamoja naye. Bado yako katika vinywa vya madepite wengi, na katika vinywa vyetu sisi wenyewe kwenye avenyu zetu: nani abaki ndani, nani atoke, na usalama wa kartye unatoka wapi.

Tukumbushane. Mutamba alichaguliwa depite wa taifa kwa Lubao kwenye uchaguzi wa Desemba 2023, kisha akawa waziri wa Sheria mwaka 2024. Wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba magereza yamejaa, na wenye kuyajaza ni majistra wanaotupa watu Makala ovyo ovyo. Hapo hakukosea sana. Makala ilijengwa kwa watu 1500, na ilikuwa na zaidi ya 12000, wengi wao bila hukumu. Julai 2024 akatoa zaidi ya 400. Kisha usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba wafungwa wakajaribu kutoroka, na kwa hesabu ya serikali yenyewe watu 129 wakakufa, 24 kati yao kwa risasi. Mwezi huohuo wakatolewa wengine zaidi ya 1600, wengi wagonjwa.

Wazo lake la pili lilikuwa Kuluna wauawe. Machi 2024, yeye akiwa hajawa waziri, serikali ilikuwa imesharudisha utekelezaji wa hukumu ya kifo. Yeye akaishika ile njia kwa mikono miwili. Kufikia mwanzo wa Januari 2025 zaidi ya vijana 100 waliohukumiwa kama Kuluna walikuwa wamepelekwa gereza la Angenga kungojea kifo.

Wengi wanaona hapo mtu mwenye mikono miwili inayopingana: mmoja unafungua, mwingine unaua. Mimi naona wazo moja tu. Mara zote mbili waziri ndiye anashika ufunguo, kamera ziko karibu, na watu wanatoka ao wanapelekwa kwa kundi. Sisemi kutoa wagonjwa ilikuwa vibaya, kuna waliopona juu ya hiyo. Lakini katika kufungua kwa orodha na katika kupeleka Angenga kwa ndege, swali moja lilipotea: huyu mtu, huyu hapa mwenye jina lake, akiwa inje atarudi kwenye kesi? Kuna mtu atamuumiza? Hilo ni swali la mwamuzi, na linajibiwa mtu kwa mtu.

Na sheria yetu inalijua swali hilo tangu zamani. Katiba, kifungu cha 17, inasema uhuru ndio kanuni, kufungwa ni tofauti ya kanuni. Kifungu cha 18 kinasema polisi haiwezi kukushika zaidi ya saa 48 bila kukuachilia ao kukupeleka mbele ya wakubwa wa sheria. Dekreti ya 6 Agosti 1959, ile ya mwenendo wa kesi za jinai, inaenda mbali zaidi. Inamruhusu mwamuzi kumpa mshitakiwa uhuru wa muda kwa dhamana, na kumwekea masharti: akae mahali ambapo parke ina makao yake, asipite mpaka fulani, asifike mahali fulani, ajionyeshe kwa siku zilizopangwa. Soma hayo masharti polepole, utaona yameandikwa kwa ajili ya usalama wa majirani sawasawa na uhuru wa mshitakiwa. Depite anayetuambia lazima tuchague kati ya hayo mawili hajasoma sheria ambayo kazi yake ni kuilinda.

Sasa mniruhusu nihesabu kama mwanaagronomia, juu ndiyo licence yangu. Dekreti inampa mtu wa parke siku 5, pale mwamuzi akiwa karibu. Mwamuzi akikubali, anaongeza siku 15. Kisha anaweza kuongeza mwezi, na kwa makosa ya adhabu ya miezi sita na kuendelea, anaweza kuuongeza mara tatu mfululizo, bila watu kusikiliza. Kuanzia hapo, kuendelea kunataka kikao cha wazi. Jumla ni kama siku 110.

Siku 110 kwenye karatasi ya parke ni kidogo. Kwa mkulima wa Walungu ni msimu mzima. Maharagi mafupi yanaiva kwa karibu siku 90. Yale ya kupanda kwenye miti, kule juu baridini, yanaweza kufika 110 na kuzidi. Mtu akikamatwa tarehe 10 Septemba juu ya mbuzi ao mpaka wa shamba, msimu A ukianza, atafika kwenye kile kikao cha wazi mwisho wa Desemba. Jirani zake wamekwisha kuvuna. Yeye hana mavuno, hana mbegu ya msimu B, na bibi yake ameuza jembe ili amupelekee chakula gerezani. Na hapo nimehesabu mambo yakienda kama sheria inavyotaka. Wote tunajua kwamba mara nyingi hayaendi hivyo. Mtu akitoka baada ya hapo bila kosa lolote, nani atasema usalama umeongezeka? Tumetengeneza familia moja ya njaa, na njaa haikai nyumbani, inatembea.

Nasikia jibu la watu wa Kadutu na Panzi, na nalichukua kwa uzito wake: « Wanamukamata asubuyi, mangaribi iko kwake, anakuangalia kwa macho. » Huyo anayesema hivyo hachukii haki za binadamu. Amevunjiwa mlango usiku, ametaja jina la mwizi mbele ya polisi, na yule mwizi amerudi akijua nani alimtaja. Woga wake ni wa kweli, na watetezi wa haki za wafungwa wanakosea wanapouruka. Ni huo woga unaobeba tairi na petroli siku watu wakimkamata kijana na kusema parke haina maana.

Lakini tuulize: yule aliyerudi mangaribi alirudi kwa njia gani? Mara nyingi hakuna mwamuzi aliyemuona. Hakuna sharti lolote aliloandikiwa, na aliyeshitaki hakujulishwa neno. Kuna pesa ilipita mkono kwa mkono. Dhamana ya kweli inaingia kwa grefye, inaandikwa, na inarudishwa kwa mtu aliyehudhuria kesi yake mpaka mwisho. Pesa isiyo na risiti siyo dhamana, ni bei ya mlango. Basi hasira yetu iko na haki, ila imekosea anwani. Tunalaumu uhuru wa muda, wakati aliyetuumiza ni yule aliyeuza uhuru bila masharti.

Na dhamana yenyewe iko na ugonjwa wake. Kama mwamuzi anataja kiasi kimoja kwa mufanyabiashara wa Nyawera na kwa mubeba mizigo wa Beach Muhanzi, wa kwanza atalala kwake, wa pili atalala chini gerezani, hata kama wa kwanza ndiye hatari. Pesa haipimi hatari. Masharti mengine, kama kujionyesha kila juma na kukatazwa avenyu ya aliyeshitaki, hayaombi tajiri wala maskini, yanaomba tu mtu wa kufuatilia.

Kama mnafikiri hayo masharti ni ndoto ya vitabuni, angalieni kesi ya Mutamba mwenyewe. Juni 2025 Bunge liliruhusu afuatiliwe, na procureur alikuwa amemkataza kutoka Kinshasa. Hakutupwa Makala kungojea. Alifika mbele ya korti ya kasasyo akitoka kwake, kesi ikasikilizwa, na tarehe 2 Septemba akahukumiwa miaka mitatu ya kazi za nguvu. Kwa hiyo inawezekana! Mtu anashitakiwa kwa mamilioni, anawekewa mpaka, anahudhuria, anahukumiwa. Sina shida na hilo, ndivyo sheria inavyotaka. Shida yangu ni kwamba mwizi wa mbuzi hakupewa hilohilo wakati ufunguo ulikuwa mkononi mwa yule waziri.

Sisi wa Kivu tumeona pia mlango ukifunguliwa na wasiokuwa mawaziri. Januari 2025, gereza la Munzenze, Goma, lilivunjika vita ikiingia. Maelfu walitoroka, na ONU inasema wanawake zaidi ya 150 waliokuwa ndani walibakwa, wengi wao wakafa motoni. Katikati ya Februari ikawa zamu yetu: gereza la kati la Bukavu likabaki tupu, na mji ukaingia mikononi mwa AFC/M23. Siku moja walitoka muuaji na yule aliyengojea kesi ya deni, bila mtu kuwatenganisha. Miezi iliyofuata tulizika vijana waliouawa na makundi ya watu wenye hasira. Kama wale wa deni na wa mbuzi wangekuwa wameshaamuliwa mbele, angalau tungejua siku ile ni nani tulipaswa kumuogopa.

Ndiyo maana siku depite atasimama tena mbele yetu, wa Kinshasa ao wa provensi, wa leo ao wa kesho, na kutuahidi usalama, tusipige makofi haraka. Akisema « nitawafunga wote » ao « nitafungua magereza », tumuulize vitu vinne. Ni watu wangapi wamepita siku zao bila kuonana na mwamuzi? Nani anaandika masharti ya anayetoka, na nani anayafuatilia? Aliyeshitaki anajulishwa lini kwamba mtu wake ametoka? Na risiti za dhamana ziko wapi? Bajeti ya provensi ikipita mikononi mwake, tuangalie kama kuna hata faranga moja kwa ajili ya hayo majibu.